Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: Mashine waige, jina waniachie

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye mkubwa, basi shikamoo yako nitaipokea siku utakapofika huku Unga Limited, Arusha. Nitakupangusia benchi ukae, maana kila kitu hapa kina grisi.

Mimi ni fundi wa mashine za kukatia malisho ya ng'ombe. Sina kampuni kubwa. Nina banda la mabati, mashine mbili za kuchomelea, gurainda tatu ambazo moja ni mgonjwa wa kudumu, na vijana wanne. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo hili si langu peke yangu, na kwa sababu barua za bahasha nimeshaandika.

Mwaka jana, kabla ya mvua za vuli, kirikuu moja ilisimama mbele ya banda. Mbele, pembeni ya dereva, alikaa mama mtu mzima, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Nyuma kulikuwa na mashine imelazwa ubavu na kufungwa kamba za katani. Yule mama hakunisalimia. Aliuliza tu, "Wewe ndiye Bibi Meno?"

Bibi Meno ndilo jina la mashine yangu. Sikulibuni mimi, walilibuni wateja wa Tengeru, na nikaona limekaa vizuri. Nikamtafuta kijana wa mabango, akanikatia stenseli: uso wa bibi anayecheka, meno mawili, chini yake maandishi na namba yangu ya simu. Tangu hapo kila mashine inayotoka bandani inapakwa rangi ya kijani na kupigwa uso huo kwa rangi nyeupe.

Mashine iliyokuwa kwenye kirikuu ilikuwa ya kijani. Bibi alikuwepo, na meno yake mawili. Namba yangu ya simu ilikuwepo pia, tarakimu zote kumi, na ndiyo iliyomleta mama huyu kutoka upande wa Kibosho hadi kwangu. Aliinunua Moshi mjini kwa mtu aliyemwambia ni wakala wangu. Mimi sina wakala Moshi.

Tuliishusha. Niliposhika bati la kinywa, pale unapoingizia majani, lilikunjika kwa dole gumba. Nikapima kwa mkono. Kinywa cha mashine yangu kina urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi ncha za vidole, ili hata ukisukuma kwa haraka, kiganja kisifike kwenye visu. Hiki hakikuzidi shubiri mbili. Aliyeitengeneza alikuwa anabana bati. Mama wa Kibosho alibaki na vidole vitatu kwenye mkono huo wa bendeji.

Ngoja nikueleze kwanza kilichoibwa ni kipi, maana hata mimi ilinichukua muda kukielewa.

Wafugaji wa Meru na Kilimanjaro hufuga ng'ombe wa ndani, na kiangazi kikikaza huwalisha migomba. Mgomba unaujua: maji matupu na nyuzi. Mashine za kawaida za kukatia majani ya tembo zikipewa mgomba, zile nyuzi hujisokota kwenye shafti mpaka mota inaungua au mkanda unakatika. Nilihangaika na jambo hilo kwa miaka miwili. Nilijaribu kuongeza kasi, nikajaribu kubadilisha pembe ya visu, nikaharibu mota ya mjomba wangu ambayo sijailipa hadi leo. Mwishowe nilichukua jani la springi ya lori, nikalikata meno kama ya chanuo, nikalifunga chini ya shafti likiwa karibu kugusana nayo. Nyuzi zikianza kujisokota, kichana kinazichana na kuzitupa nje. Siri ni kwamba lazima kiwe chuma cha springi. Ukikata kichana kwenye plati laini, meno yanapinda ndani ya mwezi mmoja.

Nilikionyesha kwenye maonesho ya wakulima ya Nanenane, viwanja vya Themi, Njiro. Watu walijaa. Walipiga picha na kupima kwa rula. Kuna mmoja aliniuliza hadi unene wa plati na nikamjibu kwa furaha, nikidhani ni mteja. Ndani ya mwaka mmoja vichana vilikuwa vimefika Moshi, Hai na Karatu.

Sasa nataka kusema jambo ambalo huenda litakushangaza, Mheshimiwa. Hilo la kichana halikuninyima usingizi. Mimi mwenyewe nimesoma kwa kuiga. Mashine yangu ya kwanza niliinakili kutoka kwenye mashine ya Kihindi niliyoikuta kwenye shamba moja Usa River. Nilikwenda kurekebisha beringi, nikarudi na vipimo vyake vyote nimevifunga mafundo kwenye uzi. Unga Limited nzima imehitimu chuo hicho. Ukituma kikosi kije kukamata kila aliyeiga, itabidi uanze na mimi, na wilaya nzima itabaki bila mtu wa kutengeneza hata jembe la kukokotwa.

Wala si sisi tu. Nimesoma kwamba hadi mwaka 1891 sheria ya Marekani haikumlinda mwandishi wa nje, na wachapaji wa kule waliruhusika kuchapa vitabu vya Waingereza bila kuwalipa. Walipokwisha kuwa na waandishi wao wa kutosha ndipo wakaona umuhimu. Hata Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi zilizo nyuma kimaendeleo, yetu ikiwemo, hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wake wa miliki bunifu, yaani haki za mtu juu ya alichobuni. Kwa hiyo sikuombi ukaze kamba kila mahali. Kuna kamba moja tu.

Jina.

Anayeiga kichana changu anajifunza ufundi. Aliyepaka uso wa bibi yangu kwenye bati la kukunjika hajajifunza chochote. Amechukua miaka kumi na mitatu ya watu kuniamini, akaiuza kwa siku moja, na lawama akaniachia. Mama wa Kibosho hakwenda kwake. Alikuja kwangu na bendeji yake, akaniuliza mbele ya vijana wangu kwa nini nimemkata vidole.

Nilikwenda kwenye ofisi moja kushtaki. Nilikwenda kifua mbele, kwa sababu ukutani bandani kwangu kuna cheti, nimekiwekea na kioo. Niliking'oa na msumari wake nikaenda nacho. Kijana wa mapokezi alikisoma, akanirudishia kwa heshima. "Mzee, hiki ni cheti cha jina la biashara. Una alama ya biashara?"

Nilidhani ananitania. Jina na alama si kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Sasa najua, na ningeomba kila fundi anayesoma barua hii atazame cheti chake leo. Ukisajili jina la biashara, umeiambia serikali kwamba fulani anafanya biashara kwa jina hili. Basi. Hakikupi umiliki wa lile jina juu ya bidhaa. Alama husajiliwa peke yake, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Unachagua na daraja la bidhaa. Mashine za kilimo ziko daraja la 7. Ombi linatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na ukipita unalindwa kwa miaka 7, kisha unaongeza miaka 10, na 10 tena, mradi unalipia. Na hiyo ni kwa Bara tu. Zanzibar wana ofisi yao na sheria yao.

Asiye na usajili hajafungiwa mlango kabisa. Anaweza kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba watu wanaijua alama yake na kwamba mwenzake amewadanganya wanunuzi. Ila hapo unahitaji wakili, mashahidi na nauli za kutosha, na mimi nilikuwa namhudumia mama wa Kibosho.

Vyeti hivyo vyote viwili hutolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Miaka ile nilipokwenda kusajili jina, laiti fomu ingekuwa na mstari mmoja tu wa Kiswahili usemao, "Cheti hiki hakilindi nembo ya bidhaa yako," nisingekuwa naandika haya. Huo mstari ndio ombi langu la kwanza, na sidhani kama unahitaji bajeti ya Bunge.

La pili linahusu ile Nanenane. Najua BRELA hufika kwenye maonesho na kuwasajili watu papo hapo, na hilo nawasifu. Tatizo ni siku wanayofika. Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, hataza ikiwa ni hati ya kulinda uvumbuzi, inataka uvumbuzi uwe mpya, na kitu ulichokwisha kuwaonyesha watu hadharani kinaweza kupoteza upya huo. Sisi tunaalikwa tulete ubunifu, tunauonyesha asubuhi, mchana tunapita kwenye banda la usajili kuulizia kuulinda. Hapo siri imeshatoka saa tatu kabla. Waje wiki mbili kabla. Waje Unga Limited, waje viwanda vidogo vya Moshi, wakae na mafundi kabla mageti ya Themi hayajafunguliwa.

Na wasije na makarani peke yao. Nilijaribu kuisoma ile sheria. Nakala niliyoipata ilikuwa ya Kiingereza, na hata nilipotafsiriwa nilikwama kwenye kitu kinachoitwa madai, yaani kueleza kwa maneno ni kipi hasa unachodai kuwa ni chako. Mimi naweza kukata kichana nikiwa nimefumba macho, lakini kukieleza kichana kwa sentensi moja ambayo mwenzangu hataipenya, hapana. Hiyo nayo ni kazi ya ufundi, ila si ufundi wangu. Hapa hapa Arusha tuna TEMDO na tuna CAMARTEC, taasisi za umma zilizojaa wahandisi wa kuchora mashine na zana za kilimo, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo Arusha na Moshi. Zote hizo, kama sijakosea, zinakutazama wewe. Mhandisi mmoja kwa siku moja ya wiki, akae na fundi, achore, apime, aandike yale madai. Hataza hulinda miaka 10, na mwenye nayo huongezewa 5 na 5 nyingine akionyesha kwamba uvumbuzi wake unatumika hapa nchini. Mimi ningeonyesha hilo bila shida, ungeusikia ukinguruma kuanzia Tengeru hadi Rombo. Ila kufika kwenye karatasi ya kwanza ndipo tunapokwama.

Kuna anayesema majina ni mambo ya wenye makampuni. Nitamkumbusha tanzanite. Jiwe lilionekana Mererani mwaka 1967, mwendo mfupi kutoka hapa, na mwaka uliofuata Tiffany & Co. wauza vito wa New York wakalibatiza jina ambalo dunia inalijua. Jina ni zuri, linaitaja nchi yetu. Lakini aliyekuwa na akili ya kujua kwamba jiwe bila jina haliuziki alikuwa New York. Wahabeshi walishtuka mapema kuhusu kahawa yao. Mwaka 2005 serikali ya Ethiopia ilipeleka maombi Marekani kusajili majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kama alama za biashara, wakavutana na Starbucks, kampuni kubwa ya kahawa ya Marekani, na mwaka 2007 wakafikia makubaliano. Serikali ndiyo iliyobeba mzigo huo, haikumwachia mkulima mmoja mmoja. Nikipita Moshi na kuona mifuko ya kahawa ya Kilimanjaro kwenye maduka ya watalii, huwa najiuliza jina hilo sisi tumelifunga kamba wapi.

Turudi kwangu. Yule mama wa Kibosho niliongea naye hadi jioni. Nilimwonyesha mashine yangu na yake, zimewekwa ubavu kwa ubavu, akapitisha mkono wake usio na bendeji kwenye kinywa kimoja kisha kingine. Alinyamaza muda mrefu. Mashine yake nimeibadilisha kinywa na kichana bila kumtoza, si kwa sababu nilikuwa na kosa bali kwa sababu ilikuwa na namba yangu. Uso wa bibi niliufuta kwa gurainda. Mama akasema niupige upya, wa kwangu mwenyewe. Nikaupiga.

Ombi la alama nimeshaanza kulijaza kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, kijana wangu mdogo ndiye anayebonyeza. Natumaini aliyeuza ile mashine Moshi hajanitangulia kulijaza.

Jambo la mwisho, Mheshimiwa. Pembeni ya banda langu kuna kitu nimekifunika kwa turubai. Kinakata mgomba bila umeme wala mafuta, na watu watatu tu ndio waliokiona. Viwanja vya Themi vitafunguliwa mwezi wa nane kama kawaida, na waandaaji wameshanipigia simu kuuliza nitaleta nini. Nimewaambia nitawajibu. Nasubiri kwanza jibu lako.

Wako katika kazi,

Fundi wa Bibi Meno
Unga Limited, Arusha