Mabinti wa softiboli wasichaguliwe chuo kwa jina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wazazi wenzangu tunaoishi huku Marekani, hasa wenye mabinti wanaocheza softiboli, ule mchezo wa gongo unaofanana na besiboli, maana kwenye magrupu yetu ya WhatsApp siku hizi ni hongera tu, mtoto wa fulani kaitwa kambi ya mazoezi ya chuo kikubwa, wa fulani kapigwa picha na kocha, na hakuna anayeuliza huyo mtoto atakaa benchi miaka mingapi na hela ya ada inatoka wapi.

Mi naishi Texas. Binti yangu yuko darasa la 12 na ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kavaa kinyago, mrushaji yuko futi 43 tu mbele yake, jioni anakaa na barafu kwenye magoti yote mawili huku anafanya homuweki. Mimi nimekulia Tanga, mpira niliocheza ni rede, kwa hiyo mtu yeyote aliyevaa kofia ya chuo akiongea mi nilikuwa naamini.

Na ndo tulipoumia. Alivyokuwa darasa la 9 zikaanza kuingia imeili, tumekuona, tungependa uje kambini kwetu, jina lake limeandikwa vizuri kabisa. Tukalipa. Kambi tatu kiangazi kimoja, mafuta, hoteli, na kila kambi wasichana zaidi ya mia, kocha mkuu kapita mbele ya mwanangu labda mara mbili. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, kocha wa Divisheni ya Kwanza, yaani ngazi ya juu kabisa, haruhusiwi kumwandikia mchezaji wa softiboli kuhusu kumsajili mpaka Septemba 1 anapoanza darasa la 11, ila tangazo la kambi anaruhusiwa kumtumia. Yale yalikuwa matangazo jamani! Septemba 1 ilipofika binti alikaa na simu mezani tangu katoka shule hadi saa nne usiku, vile vyuo vitatu hakuna hata kimoja kilichopiga. Meseji iliyoingia ilikuwa ya kocha wa chuo kidogo cha Divisheni ya Tatu, anamuuliza mtihani wa kemia umeendaje.

Baadaye kikaja kimoja cha Divisheni ya Kwanza, wakampa skolashipu ya asilimia 25. Ukoo mzima ukashangilia mpaka Tanga. Mi nikachukua kalamu, gharama kwa mwaka dola 58,000, ukitoa hiyo robo unabaki na 43,500, mara miaka minne. Kile kidogo bei yake ni 61,000, na Divisheni ya Tatu hawatoi kabisa skolashipu ya michezo, watu wakisikia hivyo wanakimbia, lakini walimpa msaada wa masomo na wa kipato cha familia 46,000. Tunalipa 15,000. Kwa hiyo chuo "kisicho na skolashipu" ndo rahisi karibu mara tatu.

Najua tunachanganywa na TV. 2024 mrushaji NiJaree Canady alihama chuo cha Stanford kwenda cha Texas Tech kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja, mwaka uliofuata akafika fainali ya vyuo kule Oklahoma City wakafungwa na Chuo Kikuu cha Texas, kila mzazi akaona binti yake pale. Yule ni mmoja. Kwa miaka mingi timu nzima ya Divisheni ya Kwanza iligawana skolashipu 12, wachezaji ishirini na kitu. Sasa tangu 2025 vyuo vilivyokubali mfumo mpya vinaweza kumlipia kila mchezaji, mwisho wachezaji 25, ila kuruhusiwa kutoa sio kuwa na hela ya kutoa, na kikomo hicho maana yake nafasi zenyewe zimebana.

Kitu kingine, fungueni orodha ya wachezaji kwenye tovuti ya timu muisome taratibu. Sisi tulikaa na laptopu jikoni tukakuta kile kikubwa kina wadakaji watatu, wawili ndo kwanza mwaka wa kwanza, na siku hizi kocha anaweza kumleta mwingine wa miaka 22 kwa uhamisho. Alafu binti anataka unesi. Nikamuuliza kocha hivi siku za mafunzo ya hospitali zikigongana na safari inakuwaje, akanijibu wasichana wengi huwa wanachagua kozi nyepesi kidogo. Nilimshukuru kwa kusema ukweli. Kule kwenye chuo kidogo walituonyesha wanafunzi wawili wa unesi walioko kwenye timu sasa hivi, tukaongea nao bila kocha, mmoja akasema Alhamisi anakosa mazoezi na hakuna anayemnunia.

Na nyie mnaoleta watoto kutoka nyumbani wakiwa katikati ya sekondari, Divisheni ya Kwanza na ya Pili wanataka masomo makuu 16 ya sekondari na vyeti vya nyumbani vinakaguliwa na NCAA wenyewe, anzeni mapema sana.

Binti hajaamua bado. Baba yake moyo uko kwenye kile kikubwa na simlaumu, ndugu wameshaagiza fulana. Jumamosi tunarudi kile kidogo, saa sita za barabarani, safari hii atalala bwenini na wale manesi wawili na sisi tutakaa hotelini.

Mama wa mdakaji,
Texas, Marekani