Barua kwa sahibu yangu sonara

Kyoto, Japani, Jumapili jioni

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu nyingi kwako, kwa mkeo na kwa mama, natumai nyote hamjambo. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi ya huku imeanza kuuma vidole.

Uliniuliza kwenye simu nimepatwa na nini hata nikusanye mapambo ya upanga na upanga wenyewe sina. Simu haikutosha, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kila tarehe 21 ya mwezi, kiwanja cha hekalu la Toji hujaa wachuuzi wa nguo kuukuu, vyungu na vitu vya kale. Hapo nilinunua tsuba yangu ya kwanza. Tsuba ni kile kisahani kinachokaa kati ya mpini na bapa la upanga, mkono usije ukateleza kwenye makali. Yangu ni ya chuma, inaenea kiganjani, na katikati ina tundu la kupitishia upanga. Kwenye ncha mbili za tundu hilo fundi amepachika vipande vya shaba nyekundu ili upanga ukae bila kucheza. Vimegongwagongwa kwa patasi mara nyingi. Naona kama kisahani hiki kilihama kutoka upanga hadi upanga, na kila fundi akakirekebisha.

Lakini nililotaka hasa kukueleza wewe sonara ni shakudo. Ni shaba iliyotiwa dhahabu kidogo, asilimia 3 hadi 5 hivi. Ikitoka kalibuni huwezi kuitofautisha na shaba ya kawaida. Fundi huisugua kwa maji ya figili iliyokunwa, kisha huichemsha katika maji yenye chumvi za shaba, nayo hugeuka nyeusi, weusi wenye zambarau kwa mbali kama bawa la kunguru juani. Dhahabu ile kidogo ndiyo inayoleta rangi hiyo. Wewe unayejua bei ya dhahabu, fikiria mtu anayeiyeyusha ndani ya shaba ili apate weusi!

Weusi huo ni ngozi nyembamba tu, na mimi niliichuna. Nilikuwa na menuki mbili za shakudo, vile vipambo vinavyofungiwa chini ya kamba za mpini, kila kimoja simba anayegeuka nyuma. Nikadhani vimeshika uchafu. Nikatia dawa ya kung'arishia shaba kwenye kitambaa, nikasugua. Kufumba na kufumbua, mgongo wa simba mmoja ukawa mwekundu kama sufuria mpya ya shaba. Mzee anayeniuzia vitu hivi alipomwona hakusema neno. Alimgeuza, akamrudisha kitambaani, akanimiminia chai. Bado naona uchungu nikimtazama simba yule.

Tangu siku hiyo siweki msasa wala dawa juu ya kitu chochote. Kutu ya tsuba ya chuma naitoa kwa kipande cha mfupa, polepole, jioni hadi jioni, kisha nafuta kwa pamba kavu. Kutu mbichi, nyekundu, inaondoka. Ule weusi wa zamani unabaki, na ndio tunaoupenda.

Mwaka 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku watu kutembea na panga, isipokuwa wanajeshi, polisi na wachache wengine. Mafundi waliozaliwa katika kazi hii wakabaki na patasi mkononi bila mteja. Wengi waligeukia vasi na visanduku vya kuuzia wageni. Kano Natsuo, fundi wa mapambo haya na mzaliwa wa hapahapa Kyoto, alikuwa tayari amepewa kazi ya kuchora sarafu mpya za nchi. Nashukuru kwamba yeye alipata pa kuutia mkono wake. Vipambo vyenyewe vikauzwa Ulaya na Marekani kwa wingi.

Nimekuwekea picha tatu. Ya tatu uitazame kwa lenzi yako. Ule uso wenye chembechembe huitwa nanako, yaani mayai ya samaki. Kila chembe ni pigo moja la patasi yenye ncha ya kikombe, na kila mstari umefuata mwenzake bila kupinda. Niambie, kwa mkono wako ulivyo, ungemaliza uso wa namna hii kwa siku ngapi?

Wako,
yule wa Kyoto