Wanakriketi wapimwe kwa enzi zao

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie orodha za wachezaji bora wa kriketi ya siku moja, ambazo kurasa za michezo huzichapisha kila Kombe la Dunia linapokaribia. Karibu zote hupangwa kwa jumla ya mikimbio, yaani alama anazopata mpigaji, kwa idadi ya mia, yaani mara alizofikisha mikimbio 100 katika mechi moja, au kwa wastani wa mchezaji, yaani mikimbio yake kwa kila mara aliyotolewa, tangu alipoanza hadi alipostaafu, kana kwamba mkimbio wa mwaka 1979 na ule wa mwaka 2019 ni sarafu moja yenye thamani ileile. Mimi nashikilia kwamba takwimu ya mchezaji haina uzito mpaka iwekwe kando ya takwimu za wale waliocheza wakati mmoja naye, chini ya sheria zilezile.

Sheria hizo zimebadilika sana. Mechi ya kwanza ya kimataifa, iliyochezwa Melbourne tarehe 5 Januari 1971, ilikuwa ya ova 40, yaani zamu 40 za kurusha mpira, zenye mipira minane kila moja. Kombe la Dunia la 1975, la 1979 na la 1983 yalichezwa kwa ova 60, na kuanzia 1987 ova zikawa 50. Mwaka 2011 kila upande wa kiwanja ulipewa mpira wake mpya, hivyo mpira ukabaki mgumu kwa muda mrefu zaidi, na mwaka uliofuata walinzi walioruhusiwa kusimama nje ya duara linalochorwa kuzunguka katikati ya kiwanja walipunguzwa kutoka watano hadi wanne. Jumla za mikimbio nazo zimepanda. Mikimbio 398 ya Sri Lanka dhidi ya Kenya mwaka 1996 ilidumu kama rekodi ya timu katika mechi moja kwa miaka kumi, kisha tarehe 12 Machi 2006 ikavunjwa mara mbili kwa siku moja jijini Johannesburg, Australia ilipofikisha 434 na Afrika Kusini ikajibu kwa 438 na kushinda. Mwaka 2022 Uingereza ilifunga 498 dhidi ya Uholanzi.

Sasa tumtazame Vivian Richards wa West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi. Alifunga mikimbio 6,721 katika mechi 187, kwa wastani wa 47.00 na kasi ya mikimbio 90.20 kwa kila mipira 100. Ukiisoma kasi hiyo kwa macho ya leo, utamwona mpigaji mzuri wa kawaida, na ndivyo orodha nyingi zinavyomfanya aonekane. Lakini Gordon Greenidge, aliyecheza naye timu moja na aliyekuwa miongoni mwa wapigaji hodari wa enzi ile, alifunga kwa kasi ya 64.92, na Desmond Haynes kwa 63.09. Kwa kuwa wawili hao walifungua mchezo dhidi ya mpira mpya, mtu anaweza kusema kwamba mizani haiko sawa, basi na tumchukue Javed Miandad wa Pakistan, mpigaji wa katikati kama Richards: kasi yake ilikuwa 67.01 na wastani wake 41.70. Richards aliwapita wenzake hawa kwa kasi kwa zaidi ya theluthi, na bado hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na wastani mkubwa kuliko wake.

AB de Villiers wa Afrika Kusini ana kasi ya 101.09 na wastani wa 53.50, takwimu za kustaajabisha kwa enzi yoyote. Hata hivyo mwenzake Hashim Amla, aliyekuwa mfunguaji kama Greenidge, alifunga kwa kasi ya 88.39. Tofauti ya de Villiers na Amla ni takriban asilimia 14, ilhali ya Richards na Greenidge ni karibu asilimia 39. Najua kwamba kumlinganisha mtu na mwenzake mmoja hakutoshi. Kipimo kamili kinahitaji wastani wa wapigaji wote wa nafasi hiyo katika miaka hiyo, tena kwa tahadhari, kwa sababu katika baadhi ya mechi za mwanzo hesabu ya mipira haikuhifadhiwa kikamilifu. Hata hivyo, pengo kubwa kiasi hicho haliwezi kuzibwa na marekebisho madogo, na kwangu mimi Richards ndiye mpigaji wa siku moja aliyewazidi wenzake kuliko wote.

Wala enzi isigeuzwe kinga ya kila udhaifu. Mwaka 1975, katika uwanja wa Lord's, Sunil Gavaskar wa India alicheza mipira 174 akapata mikimbio 36 bila kutolewa. Siku hiyohiyo, katika mechi hiyohiyo, Dennis Amiss wa Uingereza alifunga 137 kwa mipira 147.

Wastani nao una mtego wake. Michael Bevan wa Australia ana 53.58, lakini katika mara 196 alizoingia kupiga alibaki bila kutolewa mara 67, na wastani hugawanya mikimbio kwa idadi ya kutolewa tu. Sisemi kwamba Bevan hastahili sifa, kwani kumaliza mechi ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliifanya kwa ustadi mkubwa. Ninachosema ni kwamba wastani wake usomwe pamoja na kasi yake ya 74.16.

Warushaji husahaulika zaidi. Joel Garner wa West Indies alichukua wiketi 146, yaani aliwatoa wapigaji mara 146, kwa wastani wa mikimbio 18.84 aliyoitoa kwa kila wiketi, akitoa mikimbio 3.09 tu kwa ova, na hakuna mrushaji wa leo anayeweza kukaribia kiwango hicho cha ubahili kwa miaka mingi mfululizo. Lakini katika Kombe la Dunia la 2015, ambamo Martin Guptill alifunga 237 na Chris Gayle 215 katika mechi moja moja, Mitchell Starc wa Australia alichukua wiketi 22 kwa wastani wa 10.18 na kutoa mikimbio 3.50 kwa ova. Kwa jinsi wapigaji walivyokuwa wakitamba katika mashindano yale, 3.50 ya Starc ni nzito kuliko inavyoonekana.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mtakapochapisha orodha nyingine, ongezeni safu mbili kando ya jina la kila mchezaji: wastani na kasi ya wapigaji wa nafasi yake katika miaka aliyocheza, na kwa warushaji, gharama ya wiketi na ya ova katika miaka hiyo.

Wako,
Msomaji wa kurasa za michezo