Habari ziwafikie: barua kwa wajukuu wa kundi la ukoo

Wajukuu zangu, hamjambo. Walioandika shikamoo, marahaba. Walioandika "shkm", nimepokea nusu, nyingine nawadai.

Jana tumeanua matanga ya kaka yangu. Nilinyamaza siku zote hizo kwa sababu msibani hapagombwi. Leo nasema.

Kaka alikata roho alfajiri. Binti yake yuko Dodoma. Tulimpigia tukamwambia baba kazidiwa, panda basi la kwanza uje. Huenda moyo ulishamwambia, lakini tulimwacha asafiri na tumaini lake. Shangazi yake alishajiandaa kumpokea stendi, amfikishe nyumbani, amkalishe, ampe maji, ndipo amwambie. Basi linaingia Morogoro, mmoja wenu akarusha kwenye kundi picha ya kitanda cha hospitali, shuka limevutwa mpaka juu, na vimoyo vitatu vilivyopasuka. Chini yake mkapanga foleni: RIP, RIP, RIP. Mtoto wa watu akapiga ukunga ndani ya basi. Mama mmoja asiyemjua alimkumbatia mpaka hapa Korogwe, na mama yule alikuwa wa kushuka Chalinze.

Aliyerusha namjua, simtaji. Kanijibu, "Babu, nilitaka watu wapate taarifa mapema." Mapema kumshinda nani?

Sisi tumekulia kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam, redio moja mtaa mzima. Yakianza matangazo ya vifo, hata anayetwanga alishikilia mchi. Mtangazaji anasoma taratibu: fulani wa Handeni anasikitika kutangaza kifo cha baba yake, habari ziwafikie fulani wa Tabora, fulani wa Songea, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Majina yale wazee walikuwa wamekaa wakayapanga, na wa karibu walishatumiwa mtu. Tangazo linalipiwa, basi kila neno lilipimwa. Telegramu ndiyo usiseme: BABA MGONJWA SANA NJOO UPESI. Kila mtu aliijua hiyo "sana" ina nini ndani yake, ila ilikupa njia nzima ya kulia kidogo kidogo.

Wala sisemi zamani ilikuwa pepo. Baba yangu hakuipenda redio. Kwake habari ya msiba ililetwa na mtu kwa miguu yake, akavua kofia mlangoni. Televisheni ilipokuja huku Bara mwaka 1994, sisi ndio tuliohama barazani tukajazana sebuleni kwa jirani, hadithi za jioni zikaishia hapo. Kila chombo kimetunyang'anya kitu. Lakini hiki cha kwenu kimewanyang'anya hata ile dakika moja ya kujiuliza, "Nani hajaambiwa?"

Na wakubwa wenu wa mtandaoni ndio wanaowafundisha, wenye kurasa za wafuasi lukuki wanaoshindana kumzika mtu angali anakula ugali kwake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawabana wanaosambaza uongo. Ninyi mlisema kweli, hakuna wa kuwashitaki, ndiyo maana naandika mimi.

Mengine kwa ufupi. Mgonjwa hapigwi picha. Pole inasemwa kwa mdomo, piga simu. Orodha ya michango isibandikwe juu ya tangazo la msiba. "Nimetumiwa nami nawatumia" si ushahidi wa kitu. Hapo hata mimi nimo, ile dawa ya sukari niliyowasambazia mwaka jana ilikuwa upuuzi, mnisamehe.

Wanangu, nawapenda, ndiyo maana nafoka. Binti bado yuko hapa kwangu. Simu yake ameizima, ameiweka kabatini chini ya kanga za mama yake. Mabasi ya Korogwe yapo kila siku. Aliyerusha ile picha aje Jumamosi, akae naye. Asitume sauti.

Babu yenu,
Korogwe