Umoja wa Wakristo: andikeni na ugomvi wake

Ndugu Mhariri,

Kila Januari, Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo ikifika, makala hupita njia ileile: mkutano wa wamisionari wa Edinburgh 1910, Amsterdam 1948 lilipoundwa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, halafu picha ya maaskofu wameshikana mikono. Tarehe hizo hazina kosa. Kinachonikera ni jinsi mabishano yanavyorukwa.

Chukua mkutano wa Kikuyu wa 1913 (Kikuyu ya Kenya, si hii yetu ya hapa Dodoma). Wamisionari wa Anglikana, Presbiteri, Methodisti na African Inland Mission walipendekeza shirikisho la makanisa yao, wakamaliza kwa ushirika wa Meza ya Bwana ulioongozwa na Askofu Peel wa Mombasa. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipopata habari aliwaka, akawashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Waanglikana kwa Waanglikana! Misheni za CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, za hapa kwetu Ugogo zilikuwa chini ya Mombasa wakati huo, hadi Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa 1927. Ugomvi ule ni wetu pia.

Miaka ya 1960 makanisa kadhaa ya Kiprotestanti ya Afrika Mashariki yalizungumza kuhusu kuungana kabisa, yakashindwana. Wazee waliokuwepo wanazidi kututoka.

Makao makuu ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, iliyoanza 1934 kama baraza la wamisionari, yako hapahapa Dodoma. Mwaka 1992 Jumuiya hiyo na Baraza la Maaskofu Katoliki waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Kwa maoni yangu, hospitali na shule zimewakutanisha upesi kuliko altare.

Halafu kuna umoja usio na katibu. Nenda msibani mtaani kwetu: marehemu alibatizwa Mvumi kwa Waanglikana, akaolewa Bihawana kwa Wakatoliki. Kwaya mbili zinapokezana chini ya turubai, mchungaji wa Kilutheri (KKKT) ambaye ni jirani tu anapewa sala, na akina mama kwenye masufuria ya ugali hawaulizani dhehebu. Muhtasari wa kikao hicho hauandikwi popote.

Vyuo vya kanisa vya hapa Dodoma, Msalato na St John's, vina wanafunzi. Wapewe vinasa sauti waende kwa wazee, na parokia na mitaa ya kanisa wawafungulie madaftari ya halmashauri kabla mchwa hawajamaliza. Swali la kwanza liwe lile la miaka ya 1960: nani alikataa, na kwa nini.

Msomaji wenu,
Dodoma