Ahsante mzee wa boti ya Mkoani

Assalaam alaykum jamani, jina lake silijui lakini namshukuru mzee mmoja tulokaa nae kwenye boti kutoka Mkoani, Pemba, kuja Unguja, kanzu ya kahawia na kofia ya kiua. Sie ndugu tulikuwa tunabishana kuuza shamba la mikarafuu alotuachia marehemu babu, yeye akatusikiliza mpaka mwisho (watu wazima wangapi wanaweza hilo hahaha) ndo akasema ameona ndugu wakigombana hata kwa zile eka tatu walopewa wazee baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa sababu hakuna alokaa akaandika, basi kabla ya kuuza nendeni kwa wazee waliobaki mkaoneshwe mipaka, gaweni mirathi kisheria na mashangazi zenu msiwaruke. Akaongeza karafuu ina msimu, tumbo halina, mkiuza wekeni akiba japo kidogo. Tumefanya hivo, shangazi mwenyewe katuonesha mpaka ulipo, pale kwenye mfenesi, na shamba hatuuzi tena. Mzee wangu Mungu akupe afya, mjukuu akikusomea hii jua kahawa yako ya Darajani nalipa mie.