Maji moto wasichomwe moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwatetee maji moto, wale sisimizi wekundu wa kwenye mikorosho. Juzi kijana wa jirani alivamiwa nao shingoni akiwa juu anapogolea. Alishuka mbio, akafunga nyasi kavu kwenye fito ndefu, akaunguza viota vyote. Simlaumu sana. Wakiuma hutema na tindikali palepale kwenye jeraha, ndiyo maana wakaitwa hivyo.

Lakini mimi nimewahi kuwakuta wakijenga. Majani mawili yalikuwa mbalimbali, sisimizi mmoja hafiki. Akashikwa kiuno na mwenzake, huyo naye akashikwa na mwingine, mpaka mnyororo ukalifikia jani la pili. Wakavuta kwa pamoja kama watu wa kokoro. Majani yalipokutana, wakaja wengine wamebeba watoto wao mdomoni, vile vifunza vyeupe, wakawa wanavigusisha ukingo wa jani hili, kisha lile, huku na huku kama sindano ya cherehani. Uzi unatoka kwa mtoto, mkubwa hana. Chai yangu ilipoa mkononi.

Sasa tazama shamba. Mdudu aitwaye mbu wa mikorosho hufyonza machipukizi na maua mpaka yanakauka meusi, utadhani yamebabuliwa. Penye viota vya maji moto, mbu huyo hatulii. Wachina waliweka viota vya ndugu zao wa Asia kwenye michungwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na kaskazini mwa Australia ndugu zao hao wamejaribiwa kwenye mikorosho hiihii. Sisi tunanunua dawa, tunamuua mbu pamoja na askari wake. (Ubwiriunga ni habari nyingine, huo ni ukungu, sisimizi hauwezi.)

Kasoro wanazo. Hufuga vidudu vinavyofyonza mti ili walambe maji yake matamu. Na kuuma, wanauma. Mimi hupogolea alfajiri kukiwa na baridi, wakiwa bado wazito, tena najipaka majivu mikononi.

Maafisa ugani wakija kutueleza vipimo vya dawa, watueleze na hawa. Na wataalamu wa korosho pale kituo cha utafiti cha Naliendele wakiandika humu gazetini, kwa Kiswahili chepesi, namna ya kuhamishia viota kwenye mti usio navyo, nitaukata ukurasa huo niubandike mlangoni. Nakala ya pili nitampelekea yule kijana.

Mkulima wa mikorosho,
Tandahimba, Mtwara